Miaka 26 ya kuwa bawabu, landilodi na mjomba wa fulani

Wiki jana kijana mmoja wa Nakuru aliniandikia: "Mzee, nifanyeje niwe staa kabla sijafika miaka 30?" Nimekaa na ujumbe huo siku nne. Nina miaka 58, nimeigiza kwenye runinga kwa miaka 26, na sijawahi kuwa mhusika mkuu. Nimekuwa bawabu mara tisa. Nimekuwa chifu, landilodi, daktari wa kutangaza kifo, na mjomba anayefika harusini amelewa. Nayasema haya kwa fahari.

Nilianzia kwenye vikundi vinavyozunguka shuleni kuigiza setibuku, vile vitabu vya fasihi vinavyotahiniwa. Asubuhi Limuru, alasiri Thika, ukumbi umejaa wanafunzi na kipaza sauti hakuna. Koo langu lilikomaa huko.

Lakini mwalimu wangu, ingawa hakunijua, alikuwa Benson Wanjau, ambaye Kenya nzima ilimwita Mzee Ojwang'. Mliokulia mbele ya KBC, runinga ya taifa, mnakumbuka vichekesho vyake vya Vitimbi na Vioja Mahakamani. Wanjau alikuwa Mkikuyu, ila Ojwang' wake alikuwa Mjaluo kuanzia lafudhi hadi namna ya kukasirika, na wengi waliamini ndivyo alivyozaliwa. Alipofariki Julai 2015, kwenye matatu niliyopanda watu walisema "Ojwang' ametuacha". Jina la Wanjau sikulisikia likitajwa. Mwigizaji anayemjua mtu anayemwigiza hufika huko.

Basi kijana, mjue mtu unayemwigiza. Nilipopewa bawabu wa kwanza, skripti ilikuwa na neno moja tu: "Nani?" Nilienda kukesha usiku tatu na mlinzi wa mtaani kwetu. Nikaona kwamba hatazami uso wa mtu kwanza. Anatazama mikono, kisha nambari ya gari. Akiinuka, goti la kushoto linatangulia na mkono unashika lango. Redio yake hukaa chini ya kiti, sauti imepunguzwa kiasi cha kusikia hatua za mtu. Nikayabeba yote hayo hadi seti. Mwongozaji alinyamaza, akaniambia nirudie, na neno langu moja likawa vipindi 14.

Miaka miwili baadaye nilifika kazini asubuhi nikakuta mtu mwingine amevaa koti langu la ubawabu. Hakuna aliyenipigia simu. Prodyuza aliniambia sura yangu imezoeleka, kisha akageuka kuzungumza na mpiga picha. Hadi leo nikipita barabara ile tumbo hunikaza. Kile kipindi waliendelea kukirudia hewani kwa miaka, nami sikupata hata nauli, kwa sababu nilitia sahihi karatasi ambayo sikuisoma. Siku moja binti yangu alirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Jioni nikaketi hotelini kunywa chai, nikainua macho, nikajiona kwenye runinga ya ukutani nikiuliza, "Nani?" Watu wakacheka kwa furaha. Mhudumu alinitambua, akaniletea mandazi mawili ya bure. Nilimshukuru, lakini kumeza kulinishinda.

Kwa hivyo soma mkataba. Uliza marudio yatalipwaje, na jibu liandikwe. Jisajili na chama kinachowakusanyia watumbuizaji malipo ya haki zao, hata kama malipo yake ya kwanza yatakuwa madogo. Usiseme "nitasoma baadaye". Baadaye yangu ilinikuta mlangoni pa bwana fedha wa shule.

Na mjue mtu unayemwigiza. Nalirudia kwa sababu vijana wengi ninaokutana nao kwenye odisheni wanajua pembe ya kamera inayowapendeza, lakini hawajui mama mboga huhesabu chenji kwa mkono upi. Mnataka kuonekana, na mimi nilitaka hivyo hivyo. Lakini anayepigiwa simu akiwa na miaka 50 ni yule anayefika mapema, anayejua maneno yake na ya mwenzake, na asiyenuna akiambiwa ana mstari mmoja. Mpe mhusika wako jina hata kama skripti imemwita "Mlinzi wa Pili". Wangu wote tisa nimewapa majina.

Sasa nimeitwa tena, safari hii kuwa mzee wa kanisa mwenye mistari sita. Tunafanya mazoezi Jumamosi hapa Nairobi. Kijana wa Nakuru, nimekujibu ule ujumbe na kukutumia mahali. Fika saa mbili na nusu asubuhi, ubebe kalamu.