Kabla hujanunua keram mpya, tengeneza uliyonayo

Jirani yangu hapa Kikwajuni alinijia wiki iliyopita akitaka kujua wapi atapata ubao mpya wa keram, ule mchezo wa kupiga kete kwa kidole mpaka zitumbukie kwenye matundu ya kona. Wake, anasema, umekwisha: kete zote zinakimbilia upande mmoja, na straika, ile kete kubwa ya kupigia nyengine, inakwama kama inapita kwenye mchanga. Nikamwomba asinunue kitu, aniachie siku mbili tatu. Keram naicheza tangu skuli ya msingi, na kazi ya kuzitengeneza nyumbani, zangu na za baraza letu, nimeifanya miaka mingi. Ubao mwingi tunaoutupa unataka mkono tu.

Anza na meza. Sakafu za nyumba zetu za zamani haziko sawa, basi weka pimamaji katikati ya ubao, kisha kila kona, kwa urefu na kwa mapana. Palipoinama, kunja kipande cha boksi utie chini ya mguu wa meza. Nusu ya matatizo ya jirani yaliishia hapo.

Nusu nyengine ilikuwa bonde. Plaiwudi nyembamba inavuta unyevu, na ukiuegemeza ubao ukutani masika nzima, lazima upinde. Kulijua bonde, ngoja usiku, zima taa, simamisha rula ndefu ya chuma juu ya ubao, na mwenzio amulike tochi kwa nyuma. Kwenye ubao ule mwanga ulianza karibu na duara la katikati, mwembamba kama uzi, ukanenepa ukafika unene wa kadi ya simu, halafu ukafa kabla ya tundu. Nikaugeuza ubao, nikafunga papi mbili za mbao kavu, skrubu zikiingia kwenye fremu tu ili zisije zikatoboa uwanja. Baina ya papi na plaiwudi, pale penye bonde, nikasukuma kabari nyembamba. Sukuma kidogo, geuza, tazama tena kwa tochi. Ukizidisha unapata kilima, na kilima ni kibaya zaidi, kwa sababu kete haitulii juu yake.

Usipake vanishi wakati wa mvua. Mimi nilipaka mwezi wa Aprili, mwaka mmoja, kwa haraka ya kuuwahi mchezo wa Ijumaa. Asubuhi uwanja mzima umeingia ukungu mweupe kama maziwa yaliyomwagika, na wiki mbili baadaye bado unanata kidoleni. Ikabidi niukwangue wote. Siku hizi nangoja jua la Januari, napaka safu nyembamba mbili, na baina yake napitisha msasa laini sana kufuata nyuzi za mbao, kisha nasugua kwa kipande cha khanga kuukuu. Mafuta na nta usitie kabisa. Vinashika vumbi na poda inaganda.

Poda nayo. Wengi hutumia poda ya mtoto au unga, lakini poda ya mtoto hushikana kwa joto letu, na unga huita sisimizi. Asidi ya boriki ndiyo inayoteleza. Nyunyiza kiasi cha ncha ya kijiko tu, na nawa mikono kabla hujala, maana ni sumu ikiingia tumboni. Watoto wadogo wasiichezee.

Kete watu huzisahau. Nilizichukua zote 19 za jirani kwa sonara nimjuaye, akazipima kwenye mizani ya dhahabu. Kete nzuri huwa na gramu 5 hadi 5.5, zake nyingine zilikuwa 4.6, nyingine karibu 6, kwa sababu zilichanganywa kutoka seti tatu. Ukipiga kwa nguvu ileile, hii inafika na hii haifiki, halafu unajilaumu mkono. Tulizibadilisha saba.

Straika yake ilikuwa gramu 17, na kikomo cha mashindano ni 15. Niliweka msasa juu ya kioo cha dirisha ili usawa usipotee, nikaisaga kwa mzunguko, pande zote mbili, nikipima kila baada ya dakika chache. Pembeni ilikuwa na pengo dogo. Nikalilainisha, maana pengo hilo ndilo huipinda njia ya straika.

Mwisho, gonga ukingo wote kwa kifundo cha kidole. Palipolia "ta" pazima, palipolia "du" pameachia. Tia gundi, bana kwa kamba usiku mmoja.

Halafu pima: piga straika kwa nguvu zako zote, kutoka ukingo hadi ukingo. Ubao ulio tayari huirudisha ikakata uwanja mara tatu na nusu. Wa jirani ulikuwa haufiki mara mbili. Juzi usiku ulipita tatu. Nimemsihi asiuegemeze tena ukutani. Sasa analaza ubao chini ya kitanda, juu ya vipande vinne vya mbao, na shuka juu yake.