Maswali ya Wapiga Picha: Hudi ya lenzi pana

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa Tanga, napiga picha za harusi. Nimenunua lenzi ya mtumba, Canon EF-S ya milimita 10 hadi 18, ili niupate ukumbi mzima na ukoo mzima kwa picha moja. Haikuja na hudi, ile kinga ya mwanga inayovikwa mbele ya lenzi, na nje juani picha zinapauka kana kwamba zimemwagiwa maziwa. Nikanunua hudi ya mpira ya kusokota, ya milimita 67. Sasa kona zote nne zinaingia giza. Muuzaji anasema nichukue ndefu zaidi, eti ndefu ndiyo inayokinga. Nimfuate?
*R., Tanga*

Jibu: Marahaba mwanangu. Usimfuate. Ndefu inakinga kweli, lakini kwa lenzi ya kuvuta mbali. Kwako itazidisha giza.

Hudi ni ukuta tu. Mwanga ambao haumo kwenye picha ukigonga kioo cha mbele, unarukaruka baina ya vioo vya ndani, na nyeusi yote inageuka kijivu. Hayo ndiyo maziwa yako. Ukuta unauzuia, ila ukirefuka kupita kiasi lenzi nayo inauona. Na yako inaona mno: kwa milimita 10, ndiko pana kuliko kote, kwenye kamera inayoivaa, inachukua pembe ya nyuzi 97 kwa upana, 74 kwa kimo, na 107 na ushei kutoka kona hadi kona. Kona ndizo zinazoona nje zaidi, ndiyo maana giza limeanzia huko. Ile 67 uliyonunulia ni kipimo cha uzi wa kufungia. Inakuambia kwamba hudi itakaa, haikuambii lenzi inaona mpaka wapi. Duara lile lile la mpira linamfaa mwenye lenzi ya milimita 100 mwenye uzi kama wako.

Tafuta hudi yenye namba EW-73C, ndiyo iliyotengenezewa lenzi hiyo. Utaiona fupi, utadhani haina kazi. Itazame vizuri: ina umbo la petali za ua, imeinuka juu na chini ambako lenzi inaona kidogo, imepungua kandoni, na kwenye kona imekatwa kabisa. Nakala isiyo ya Canon si mbaya, mradi umeipapasa na kuitazama ndani. Ndani iwe nyeusi iliyofifia, isiyong'aa. Plastiki inayometa inarudisha mwanga kwenye kioo, na hapo umenunua tatizo jipya. Yangu ya zamani ilikuwa inameta. Niliomba kwa fundi cherehani kipande cha mahameli nyeusi, nikakibandika kwa gundi, mpaka leo naitumia.

Hudi ya petali lazima ikae sawa. Izungushe hadi isikike "tak". Mwaka wangu wa pili kazini nilipiga maharusi Forodhani, Unguja, bahari nyuma yao. Hudi ilikuwa imelegea na kugeuka kidogo, sikujua, kwa sababu kitundu cha kuchungulia cha kamera ile hakikuonyesha picha nzima; kingo zilibaki nje. Nyumbani nikafungua picha: petali mbili zimekata kona mbili, moja imepita juu ya bibi wa bwana harusi, ajuza aliyeletwa kutoka Pemba kwa siku hiyo moja. Picha hiyo ilinibidi niipunguze kando, na bibi yule akaondoka nayo. Tangu hapo nagusa hudi kwa kidole kabla ya kila kundi la watu.

Sasa sikiliza jambo ambalo muuzaji hatakuambia. Hata hudi sahihi, kwenye lenzi pana, inakinga kidogo. Ukishika kamera sawa kwa milimita 10, ukingo wa juu wa picha uko nyuzi 37 tu juu ya upeo. Kwetu pwani, jua la mwezi wa tatu au wa tisa linapita kimo hicho karibu na saa tatu asubuhi, na linakishukia tena karibu na saa kumi jioni. Ukilielekea saa hizo, jua halimo kwenye picha lakini limo kwenye kioo, na hapo ndipo utakapopata yale madoa ya kijani na zambarau shavuni mwa bibi harusi. Hudi peke yake haitoshi. Mweke msaidizi wako kando ya kamera, akitazama kioo cha mbele, si skrini. Ainue kiganja, au kadibodi nyeusi, mpaka kivuli kifunike kioo chote. Wewe chungulia kama vidole havijaingia, kisha piga. Jua likiwa ndani ya picha yenyewe, hakuna hudi ya kukusaidia. Sogea, au simama mti ulizibe.

Kiganja hicho utakihitaji pia ukivuta hadi 18, kwa maana hudi imekatwa kwa ajili ya 10, na huko mbele inaacha mwanga mwingi upite.

Kabla ya kulipa, omba ukuta mweupe. Lenzi iwe 10, tundu la kupitisha mwanga liwe f/16, yaani dogo, piga moja na hudi na moja bila. Linganisha kona. Kwenye f/16 kivuli cha hudi kinakuwa na ukingo mkali, hakijifichi kama kwenye tundu kubwa.

Na ukumbini, ukiinua fleshi ndogo ya kamera yenyewe, vua hudi. Vinginevyo utapata nusu duara nyeusi chini ya picha, juu ya zulia na viatu vya maharusi.

Swali: Mama, filta ya UV haiwezi kushika nafasi ya hudi?
*Msomaji wa Mombasa*

Jibu: Haiwezi, mwanangu. Filta ni kioo kingine mbele ya vioo, nayo inarudisha mwanga. Kwenye mchanga na upepo wa kusi ivae, ukilielekea jua ivue. Na usipange mbili juu ya lenzi pana, kona zitaingia giza hata bila hudi.