Kuingiza muziki wa simu kwenye redio ya kaseti ya Gold Wing GL1500: njia zote na zinapokwamia

Mkuu uliyeuliza, nalirudia swali kwa ufupi ili wanaopita baadaye waelewe. Una GL1500 (zile pikipiki za Honda za silinda sita, 1988 hadi 2000), redio ya kaseti inashika FM vizuri, spika zote nzima, na unataka muziki wa simu utokee humo humo bila kung'oa redio ya asili.

Inawezekana. Cha kuamua kwanza ni sauti ya simu iingilie wapi katika safari yake kuelekea kwenye spika. Kadiri unavyoingilia karibu na ampea (kikuza sauti) ndivyo sauti inavyokuwa safi na kazi inavyokuwa ngumu. Halafu kelele ambazo watu humu huzilaumu Bluetooth, nyingi zinatoka kwenye umeme unaolisha kile kifaa. Nitafika huko.

Kabla ya kushika bisibisi, angalia vitufe vya redio. Ukiona neno AUX (pa kuingizia sauti kutoka nje), basi njia ipo tayari na kitabu cha pikipiki kitakuonyesha tundu liko wapi. Wenye Harley nao, redio za Harman/Kardon zilizokuja na Electra Glide kuanzia 2006 hadi 2013 zina tundu la 3.5 mm, kwa hiyo kazi yenu ni kununua waya tu.

Njia ya FM. Kile kitransmita cha kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara ndicho rahisi na ndicho kibovu kuliko vyote. Antena ya pikipiki iko nje, ndefu, inakusanya kila stesheni ya kweli, wakati kitransmita kina nguvu ndogo mno. Ukitoka Dar kwenda Morogoro, masafa yaliyokuwa matupu mjini yatakuwa na mwenyewe mbele ya safari. Afadhali kile cha waya, kiboksi kinachokaa kati ya antena na redio na kuikata antena kikiwashwa. Kinatumia plagi ile ile ya antena ya gari, kina waya mwekundu wa voliti 12, mweusi wa ethi (unaofungwa kwenye chuma cha pikipiki), na wa kuingiza sauti. Kwa mtu asiyetaka kufungua redio, hii ndiyo njia ninayopendekeza.

Kabla ya kukinunua, jua redio yako ilitengenezwa kwa soko gani. Ya soko la Japani inashika 76 hadi 90 MHz, kwa hiyo kiboksi lazima kiweze kukaa kati ya 87.5 na 90. Ya Marekani inaruka kwa hatua ya 0.2 na kusimama kwenye desimali za witiri tu: 88.1, 88.3, 88.5. Ndiyo maana mwenye pikipiki ya Marekani Nairobi hawezi kukaa sawasawa juu ya Capital FM, 98.4. Ukiweka kiboksi kwenye 88.0 au 88.2 utasikia "s" zote zinakwaruza. Tofauti nyingine ni ya sauti nyembamba: FM ya Marekani inapunguza treble kwa kipimo cha mikrosekunde 75, Ulaya na Japani kwa 50 (namba ikiwa kubwa inapunguza zaidi). Kiboksi cha Kimarekani kwenye redio ya Japani kitatoa sauti kali ya kuchoma masikio, na kinyume chake sauti itakuwa imefunikwa. Huo si ubovu wa kifaa, rekebisha kwa treble. Ila hata kikikaa vizuri, FM haipitishi sauti zaidi ya kilohezi 15 na mvumo wa nyuma hauondoki kabisa. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa hutausikia. Umesimama kwenye taa, utausikia.

Adapta ya kaseti, ile yenye waya, inafanya kazi kama deki bado inazunguka. Tatizo la pikipiki za umri huu ni mikanda ya deki: mpira huoza ukawa kama lami, na ukiifungua lazima usafishe puli zote kwa spiriti kabla ya kuweka mkanda mpya. La pili, deki zinazogeuza upande zenyewe huichanganya adapta rahisi. Ikiona haizunguki vizuri, inageuza, sauti inapotea, inageuza tena. Na waya ukitoka mlangoni, kifuniko hakifungi, maji yanaingia. Ni ya kujaribia tu.

Sasa njia ninayoiona ya kudumu: kuingia ndani ya redio kwa waya.

Muziki wa kaseti unapita hatua hizi. Kichwa cha kusomea kinatoa umeme mdogo sana, chini ya milivolti moja. Ampea ndogo ya kaseti inaupandisha hadi milivolti mia na kitu. Kisha inakuja sehemu ya kuchagua FM, AM au kaseti, halafu volumu, na mwisho ampea kubwa ya spika. Wewe unaingia baada ya ampea ndogo, kabla ya sehemu ya kuchagua. Ukiunga simu kwenye nyaya za kichwa, umepeleka karibu voliti nzima mahali palipotengenezewa sehemu ya milivolti, na utasikia makelele tu. Ukiunga kwenye nyaya za spika unaweza kuua ampea au simu. Na usiguse hasi ya spika kwa ethi ukidhani ni kitu kimoja, ampea nyingi za namna hii zina umeme kwenye waya zote mbili.

Kupata mahali penyewe: toa hasi ya betri, toa redio, fungua kifuniko cha chuma. Fuata nyaya nyembamba zenye wavu (zilizozungushiwa nyuzi za chuma) kutoka kwenye kichwa cha kaseti hadi kwenye IC ya kwanza, kile kidude cheusi chenye miguu mingi. Soma namba yake, tafuta datashiti (karatasi ya maelezo yake) mtandaoni, itakuonyesha miguu miwili ya kutolea, kushoto na kulia. Huna datashiti? Chukua spika ndogo yenye ampea yake, waya wa kati uupitishe kwenye kapasita ya 0.1 µF, ethi kwenye bodi ya redio. Rudisha umeme, cheza kaseti, gusa sehemu moja moja. Kwenye kichwa hutasikia kitu, baada ya IC utasikia muziki, na hapo ukipandisha volumu ya redio muziki haubadiliki. Kama unabadilika, umepitiliza.

Mahali hapo usiunge sambamba. Wengi wanachomea tu waya wa AUX juu ya waya wa kaseti kisha wanashangaa sauti ndogo yenye mvumo, kwa sababu ampea ya kaseti bado iko pale, inaivuta sauti ya simu chini na kuongeza mvumo wake. Kata njia, kushoto na kulia, kisha tumia tundu la 3.5 mm la miguu mitano, lile lenye swichi ndani. Toleo la kaseti liende kwenye miguu ya swichi, na miguu ya ncha (kushoto) na pete (kulia) iende kwenye sehemu ya kuchagua. Ukichomeka pini kaseti inakatika, ukichomoa inarudi.

Kati ya tundu na sehemu ya kuchagua weka kapasita ya 4.7 µF kila upande, chanya ikitazama redio. Sehemu hiyo huwa na voliti kadhaa za DC zilizotulia, na bila kapasita zitarudi kwenye simu na utasikia kishindo kila ukichomeka. Thamani hiyo ikikutana na kilo-ohmu 10 inakata chini ya hezi 4, kwa hiyo besi haiguswi. Hata 1 µF inatosha.

Kiwango cha sauti nacho kina hesabu yake. Simu inaweza kutoa hadi voliti 1, redio inataka kama 0.3. Weka rezista ya kilo-ohmu 10 kwenye njia na ya 4.7 kutoka hapo kwenda ethi, kwa kila upande. Inabaki theluthi moja. Rezista hizo ziwe upande wa waya wa simu, kabla ya pini, la sivyo na kaseti nayo itapungua.

Redio itakubali kusikiliza upande wa kaseti ikiwa tu kuna kaseti ndani. Chukua kaseti ya zamani, ifungue, toa utepe wote lakini acha vile viduara viwili, funga. Viduara vikizunguka, deki inaamini inacheza. Ukitoa na viduara, deki nyingi zitaona hakuna kinachozunguka na zitaitema.

Kuhusu pini zenyewe: simu nyingi za sasa hazina tundu, na adapta ya USB-C unayonunua lazima iwe na DAC ndani, yaani kigeuzi cha sauti ya dijitali kuwa ya kawaida. Zile za bei ya chini zisizo na DAC zinakubali simu chache tu. Pini yenye mistari mitatu, ile ya earphone yenye maiki, ikiingia nusu kwenye tundu la kawaida inafanya mwimbaji apotee na vyombo vibaki. Ukisikia hivyo, ethi haijagusa. Usitafute kosa kwenye redio.

Ukitaka Bluetooth, kipokezi kinaishia kwenye njia hiyo hiyo ya tundu, na hapa ndipo kelele zinapoanzia. Kijibodi cha Bluetooth kinataka voliti 5. Mtu anachukua kigeuzi cha bei poa cha 12 kwenda 5, anaunga ethi kwenye bodi ya pikipiki, sauti nayo ina ethi yake kwenye redio. Sasa mkondo wa kijibodi una njia mbili za kurudi nyumbani, na mojawapo ni waya wa sauti. Utasikia "zzz-tiki-tiki" hata injini ikiwa imezimwa.

Dawa ni kigeuzi kilichotenganishwa, ambacho ethi ya kuingia na ya kutoka hazigusani. Wengi wananunua B1205S kwa sababu ya ile 12 kwenye jina. Haina udhibiti: pikipiki ikichaji kwa 14.4, tokeo linafika 6 au zaidi. Tumia L7809 kwanza ishushe hadi 9, kisha B0905S ya wati 1. Inatoa 200 mA, na kijibodi kinakula sehemu tu ya hizo. Mbele ya L7809 weka fyuzi ya 1 A, diodi 1N5819 dhidi ya kugeuza nyaya, na P6KE18A kwenda ethi kwa ajili ya miruko ya voliti. Chukua umeme kwenye waya unaokufa ukizima ufunguo, si moja kwa moja kwenye betri.

Usitumie vipokezi vyenye betri ndani. Joto la chini ya feringi (plastiki za mbele za pikipiki) litaivimbisha betri. Kingine cha kujua: vipokezi vingi hunyamaza sauti isipokuwepo, kwa hiyo ramani ikisema "geuka kulia" neno la kwanza linaliwa. Ukiacha muziki ukicheza kwa chini, hilo haliji.

Namna ya kutambua kelele, kwa sikio tu. Mluzi unaopanda na mzunguko wa injini ni alternata, unaingia kupitia ethi. Tiki-tiki inayopanda na mzunguko ni koili na nyaya za plagi, na waya wako wa sauti umepita karibu nazo: usogeze, na palipo lazima kukatizana ukatize kwa pembe mraba. Kelele isiyobadilika na injini ni kigeuzi. Kelele inayokuja tu unapochaji simu na waya wa AUX uko ndani ni mzunguko wa ethi kupitia chaja. Chomoa chaja: ikikata, weka transfoma ya kutenganisha ya ohmu 600 kwa 600 kwenye waya wa sauti. Zile za bei ndogo hula besi ya chini kabisa, ila barabarani upepo ungekuwa umeshaila.

Waya wa sauti uwe wenye wavu, na wavu uungwe ethi upande wa redio tu. Tundu litazame chini, na waya uache upinde kabla haujaingia ili maji yadondoke pale. Usizibe kwa silikoni yenye harufu ya siki, asidi yake inakula shaba, tafuta isiyonuka hivyo. Waya uliochomewa hukatika pale risasi inapoishia, kwa sababu ya mtetemo. Uvishe mpira wa kubana kwa joto upite sehemu hiyo kwa sentimita mbili, kisha ufunge waya kwenye kitu kisichotikisika. Kulabu za plastiki za umri huu hupasuka zikiwa baridi, kwa hiyo fungua feringi baada ya pikipiki kukaa juani.

Kabla ya kurudisha plastiki, washa injini, weka simu kwenye asilimia 80 au 90, kisha badili kati ya FM na AUX (sasa ni upande wa kaseti) bila kugusa volumu ya redio. AUX ikiwa juu sana, badili rezista ya 4.7 uweke 3.3. Ikiwa chini, weka 6.8. Usisawazishe kwa kushusha simu, maana ndipo mvumo unapojitokeza. Piga honi, washa taa za kona, finya breki, na usikilize kama kuna mlio unaoingia. Ukiupata sasa, ni dakika chache za kazi. Ukiupata baada ya kufunga, utaitoa feringi yote tena.