Kalori ngapi kwa siku ukiwa unafanya mazoezi

Dada, umesema una miaka 34, kilo 82, urefu sentimita 160, unatembea haraka siku tatu kwa wiki, na unauliza ule kalori ngapi ili upungue. Tumia kanuni ya Mifflin-St Jeor: kilo mara 10, jumlisha urefu mara 6.25, toa umri mara 5, na kwa mwanamke toa tena 161. Kwako inakuja 1,489. Hizo mwili unazitumia hata ukishinda umelala. Zidisha kwa 1.375, kipimo cha mazoezi mepesi, unapata kama 2,050. Toa 500, lenga 1,550 hivi.

Hapa ndipo nilipokwama miezi miwili: ile 1.375 imeshabeba mazoezi yako. Saa ya mkononi ikikuambia umechoma 300, usizile tena tafadhali.

Halafu mafuta ya kupikia. Kijiko kimoja cha chakula kina kalori kama 120. Nilikuwa namimina tu kutoka kwenye dumu. Siku nilipopima, sufuria moja ya mchicha ilikula vijiko vitano. Kalori 600, na ugali bado sijaugusa! Sasa naweka viwili, kitunguu kinaiva vizuri tu.

Jipime asubuhi kabla ya chai, uangalie wastani wa wiki, maana maji mwilini hupanda na kushuka. Wiki tatu zikipita bila mabadiliko, punguza 100 tu. Kama una mimba au unanyonyesha, usipunguze chochote kabla ya kumwona daktari.