Kabla hujapiga simu polisi kuhusu vijana wa kijiweni: yaliyonikuta mimi Mbeya

Dada mleta mada, umesema umehamia Mbeya, umefungua saluni kwenye fremu ya kona, na kila jioni vijana wanajazana hapo nje: matusi, moshi wa bangi, wateja wanaogopa kupita. Unauliza uripoti wapi, polisi au jiji. Wengi wamekujibu "piga 112 waje wawazoe". Mimi nilipiga. Ngoja nikusimulie.

Mimi ni fundi cherehani. Mtaa sitautaja, wenyewe wamo humu. Nina vyerehani vitatu na mabinti wawili wanaojifunza kazi. Mbele ya fremu yangu kuna ngazi ya saruji inayopigwa na jua la jioni, na anayeijua baridi ya Mbeya ya mwezi wa sita na wa saba anaelewa kwa nini watu waliipenda. Walianza bodaboda wawili watatu wakisubiri abiria. Wakaja wacheza drafti. Halafu likaja kundi ambalo sikulijua, lina spika na vichupa vya pombe kali. Giza likiingia wanachoma tairi waote moto. Asubuhi nafagia vipande vya chupa, ukuta umekojolewa mpaka rangi imebanduka. Siku moja binti yangu mmoja wa kazini akashikwa mkono akivutwa gizani, alipopiga kelele wakamwachia wakicheka. Usiku uleule nikapiga simu.

Nilisema nini sasa? "Kuna wazururaji hapa wanatusumbua." Basi. Sikusema binti kashikwa, sikusema nani, sikusema saa ngapi.

Gari lilikuja kesho yake saa mbili usiku likabeba kila liliyemkuta. Yule aliyemshika binti mkono aliliona kwa mbali, akapotelea uchochoroni. Aliyebebwa ni kijana wa jirani yangu wa nyuma, bodaboda, helmeti ya abiria bado kaining'iniza kwenye kiwiko. Akalala mahabusu siku mbili. Mama yake alikuja dukani asubuhi, salamu hakuna. Akaliangalia gauni nililokuwa napinda, akaniuliza, "Huyu mtoto si wewe uliyemshonea sare ya darasa la kwanza?" Akaondoka. Na kweli nilimshonea mimi, kaptura ya khaki, nikaacha pindo refu kwa sababu mama alisema anakua haraka.

Na kundi la spika lilirudi baada ya siku nne.

Mpwa wangu aliyesoma sheria ndiye aliyenifumbua macho. Haya mambo ya "uzururaji" yamo kwenye Kanuni ya Adhabu, sheria iliyoanza kutumika 1945 enzi za Mwingereza, na mizizi yake ni sheria ya kwao ya 1824 ya kuwaondoa maskini barabarani. Inamgusa mtu anayeshukiwa, hana njia ya riziki inayoonekana na hawezi kujieleza. Sasa niambie, saa mbili usiku, umemulikwa tochi usoni, nani anajieleza vizuri? Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, hiyo hiyo iliyopo Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za namna hii zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika, kwa sababu zinamwadhibu mtu kwa hali yake na si kwa tendo lake. Yale ni maoni ya ushauri, hayafuti kifungu chochote, lakini mimi yaliniingia. Nilikuwa nimeripoti hali.

Kwa hiyo dada, usiende kusema "wanakaa". Matusi ya kuchokoza ugomvi ni kosa, limo kwenye Kanuni hiyo hiyo. Bangi ina sheria yake ya dawa za kulevya ya 2015. Kumshika mtu bila ridhaa ni shambulio. Uchafu na kelele vinagusa sheria ndogo za jiji. Hivyo vyote vina mtu aliyefanya, na saa aliyofanya.

Mara ya pili nilikwenda kwa mtendaji wa mtaa. Hapa wageni wa mjini huchanganya: mwenyekiti wa mtaa tunampigia kura, mtendaji ni mwajiriwa wa halmashauri, ndiye mwenye mhuri na faili. Nenda kwa wote wawili, lakini karatasi mpe mtendaji. Nilipofika nikaanza tena wimbo wangu wa vijana kukaa. Akanisikiliza, akauliza, "Mama, unamlalamikia nani, na amefanya nini?" Nikabaki nakodoa macho. Akanirudisha nyumbani na daftari. Nilikasirika, nikaona ananizungusha.

Daftari lile niliandika wiki tatu. Mistari mifupi tu: "Ijumaa, saa 1:40 usiku, spika juu, mmoja mwenye koti jekundu kamtukana mteja matusi ya nguoni, shahidi muuza mahindi." Mambo mawili yakajitokeza ambayo sikuwa nayaona. Kwanza, waliokuwa wakileta shida walikuwa watatu tu kati ya watu kumi na wanne, kumi na tano. Bodaboda hawakuwamo hata mara moja, na siku mbili ndio waliowatuliza. Pili, vurugu zote ziliangukia siku ambazo kibanda cha pombe cha upande wa pili kilikuwa hakijafungwa usiku. Vile vichupa vilikuwa vinatoka pale!

Kibanda sasa si kazi ya polisi kwanza. Mtendaji aliandika barua kwenda kata, ikaenda kwa afisa biashara wa jiji, na mwenye kibanda akaulizwa leseni. Hakuwa nayo. Wale watatu, mtendaji alimkabidhi mkaguzi wa polisi wa kata yale maandishi yangu, wawili wakaitwa pamoja na wazazi wao mbele ya mwenyekiti. Wa koti jekundu, yule aliyemshika binti, nilimfungulia jalada kituoni, binti akiwa na mimi, kwa sababu binti ndiye aliyeshikwa mkono na ni yeye wa kueleza. Nikapewa namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, siku ileile. Haiuzwi hiyo, ukiambiwa toa chochote ujue unaliwa. Na mtu akiumizwa, chukua PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, kabla ya kwenda hospitali, isipokuwa hali ni mbaya, hapo kimbilia matibabu kwanza.

112 bado ipo, na itumie: mtu kashika kisu, nyumba inavunjwa, mtu anapigwa sasa hivi. Taja tendo, taja alama ya mahali, useme ni wangapi.

Jambo jingine dogo, wamiliki wa fremu wengi wanalipuuza. Nilifunga taa moja nje, ya kawaida tu. Wanaokojoa ukutani waliacha wiki ile ile. Wacheza drafti wakafurahi, sasa wanaona kete mpaka saa tatu, na kwa kweli siku hizi wakichelewa kufika najisikia niko peke yangu pale.

Yule kijana wa bodaboda bado anaegesha kwenye ngazi. Nilimfuata nikamwomba radhi mbele ya mama yake. Mama alipokea. Yeye alisema "yameisha, mama", akatazama pembeni, na hata leo nikihitaji kupeleka nguo kwa mteja ananipakia na nauli ananitajia kama abiria mgeni. Nalipa.

Hujasema kona yako ina taa au haina, wala hapo karibu kuna nani anauza nini usiku. Anza kuandika leo, halafu rudi utuambie.