Kumaliza vyakula vya friza na kabati kabla ya kuhama Bukavu: anza na samaki

Dada, umeuliza uanze na kipi ili umalize chakula chako kabla ya kuhama, na nimesoma orodha yako yote. Una sambaza (samaki wadogo wa Ziwa Kivu) kilo 3 zenye miezi miwili, nusu katoni ya thomson, wale samaki wa bahari wa kugandishwa (kama kilo 5), nyama ya ng'ombe kilo 4 na ya kusaga kilo 1, kuku wawili, sombe (majani ya muhogo) iliyotwangwa mifuko 6. Kwenye kabati una maharagwe kilo 8 ya mwaka jana, unga wa mahindi kilo 10, ndagala (dagaa) kavu, mikebe ya tomati na sardini, mawese lita 3. Mko watu sita, mnahama baada ya wiki tano, na umeme unakatika karibu kila siku. Walionitangulia kukujibu wamesema uanze na vilivyo juu, ushuke hadi chini. Hapo mimi sikubaliani nao. Kilicho juu ni ulichokiweka mwisho, kwa hiyo ndicho kinachoweza kungoja.

Fuata mafuta. Baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri inawalaza vijidudu, lakini haizuii hewa kuyala mafuta yaliyo ndani ya chakula. Ndiyo maana samaki wa mafuta (sambaza, thomson) hukaa vizuri miezi 2 hadi 3 tu, nyama ya kusaga 3 hadi 4, nyama ya vipande 6 hadi 12, kuku aliyekatwa karibu 9, na mboga iliyopitishwa kwenye maji ya moto miezi 8 au zaidi. Hesabu hizo ni za friza isiyozimika. Yako inazimika, kwa hiyo zipunguze. Kwa orodha yako utaratibu ni huu: sambaza na thomson wiki mbili za kwanza, nyama ya kusaga katikati yao, kisha vipande vya ng'ombe, kisha kuku, na sombe mwisho kabisa.

Sambaza kwanza. Usiwaache wayeyuke mezani mchana kutwa. Matumbo yao yamo ndani, tumbo linapasuka, nyama inalegea, na ukiwatia kwenye mafuta unapata uji. Chukua gramu 750 kwa mlo mmoja, zitie kwenye maji baridi yenye chumvi (kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja) kwa dakika 20, kiasi cha kuachana tu. Mwaga maji, watandaze juu ya kitambaa safi, wapanguse wakauke kabisa. Hapo ndipo wengi wanapokosea: samaki mwenye maji anarusha mafuta, anapoza kikaango, halafu anakunywa mafuta badala ya kukauka. Nyunyiza vijiko vitatu vya unga wa muhogo au wa ngano, kaanga kwa mafuta mengi, konzi moja moja, dakika 4 hadi 5, hadi mlio wa mafuta upungue. Mlio ukipungua, maji yamekwisha ndani ya samaki.

Ukiona tumbo la sambaza limekuwa la njano na lina harufu ya mafuta ya zamani, hao wamepitwa. Hawatakuua, ila ndimu na pilipili hazifichi ladha hiyo. Wachache wakiwa hivyo, wachague uwatoe. Wote wakiwa hivyo, usipoteze mafuta na makala (makaa) kuwakaanga.

Thomson ana hatari nyingine, na hii naomba uisome mara mbili. Samaki wa bahari wa aina hii akipata joto saa kadhaa, vijidudu hutengeneza ndani ya nyama yake sumu iitwayo histamini. Haina harufu ya lazima. Haiondoki kwa kukaanga, wala kwa kuchemsha, wala kwa kumrudisha kwenye friza. Dalili zake huja upesi, mara nyingi ndani ya saa moja: mdomo unawasha kama umekula pilipili, uso unakuwa mwekundu na moto, kichwa kinagonga, wengine wanatapika au kuharisha. Watu husema "samaki amenikataa", kumbe ni samaki aliyeyeyuka safari au nyumbani akagandishwa tena. Kwa hiyo thomson aliyelainika wakati umeme umekatika na hujui tangu saa ngapi, mtupe, hata akiwa na sura nzuri. Walio wagumu kama jiwe, toa wawili au watatu kwa mlo, wakate wakiwa bado nusu barafu (kisu kinapita vizuri zaidi), na uwapike siku hiyohiyo.

Sasa umeme wenyewe. Friza iliyojaa, ikifungwa bila kufunguliwa, hushika baridi karibu saa 48. Iliyojaa nusu, karibu saa 24. Maana yake ni kwamba kadiri unavyomaliza chakula, ndivyo friza yako inavyozidi kuwa dhaifu, na wiki ya nne delestaji (kukatwa kwa umeme) ya usiku mmoja inaweza kukuharibia kuku wote wawili. Dawa ni chupa za maji. Kila unapotoa mfuko wa samaki, weka mahali pake chupa ya plastiki ya lita moja na nusu. Usiijaze hadi shingoni, kwa sababu maji yakiganda yanatanuka karibu sehemu moja ya kumi na chupa itapasuka. Ingiza moja au mbili kwa siku, umeme ukiwepo, siyo kumi kwa mara moja, maana hizo kumi za uvuguvugu zitaipasha nyama iliyo jirani.

Chupa moja iwe ya kupima. Igandishe ikiwa imesimama, maji yakiwa nusu, halafu igeuze kichwa chini. Barafu itabaki upande wa juu. Ukirudi nyumbani ukakuta barafu imeshuka shingoni, basi kila kitu kiliyeyuka na kuganda tena ukiwa haupo, hata kama sasa hivi vyote ni vigumu. Kipimo hiki hakigharimu hata faranga moja, na ni bora kuliko kunusa.

Nyama ya ng'ombe au kuku aliyeanza kulegea lakini bado ana chembe za barafu ndani, unaweza kumrudisha kwenye friza. Utapoteza maji na utamu kidogo, basi. Asiye na barafu lakini bado ni baridi kama maji ya frigo, mpike leo. Aliyefikia joto la chumba zaidi ya saa mbili, mtupe, hakuna mjadala.

Kuyeyusha: nyama ya kilo moja ndani ya mfuko usiopitisha maji, zamisha kwenye beseni la maji baridi, badilisha maji kila nusu saa, itakuwa tayari kwa saa moja au mbili. Maji ya moto yanapika ngozi ya nje huku ndani kuna barafu. Ukikuta madoa meupe makavu juu ya nyama, ni baridi imeikausha kwa sababu mfuko haukufungwa vizuri. Hayana sumu. Yakate, na hiyo nyama ifanye mchuzi, siyo ya kuchoma, maana itakuwa kama kamba. Kuku mzima aliyeganda usimtie kwenye sufuria juu ya mbabula (jiko la makala): nje ataanguka vipandevipande na karibu na mfupa atabaki na damu. Vipande vilivyokatwa vinaweza kuingia kwenye mchuzi vikiwa na barafu, ila ongeza nusu ya muda wa kawaida.

Na usipike nyama yote ya kilo 4 siku moja kwa hofu ya umeme. Nyama iliyopikwa bila frigo ya kuaminika ni tatizo kubwa kuliko nyama mbichi iliyoganda. Pika ya leo na ya kesho mchana, basi, na ukiipasha ichemke kweli, siyo kuwa vuguvugu. Wali uliobaki ni hivyohivyo: upoe upesi kwenye sahani pana na uingie kwenye baridi ndani ya saa moja. Ukilala ndani ya sufuria, kuna sumu inayobaki hata ukiupasha asubuhi. Bugali (ugali) iliyolala ni rahisi zaidi kuokoa, ikiwa ilikaa mahali pa baridi: ikate vipande, ichome juu ya makala, inywewe na chai.

Tuje kwenye maharagwe, maana hapa ndipo makala yako yatakapoishia. Kilo 8 kwa watu sita, gramu 600 kila mlo, ni milo 13. Yaani mara mbili au tatu kwa wiki hadi mtakapoondoka, ukianza wiki hii. Maharagwe ya mwaka jana, hasa yaliyokaa penye unyevu, yanakuwa na ngozi na kiini kigumu kinachokataa maji. Ongeza kwamba Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi kama 95, siyo 100. Ndiyo maana mtu aliyezoea Uvira au Kalemie, miji iliyo chini zaidi, anashangaa sufuria inachemka saa tatu na punje bado zinagonga meno. Makala yenu hayana kosa.

Loweka saa 12 kwa maji mara tatu ya maharagwe, na nusu kijiko cha chai cha bikaboneti (soda ya kuokea) kwa kila lita. Mwaga maji hayo, suuza, weka mapya. Yachemshe kwa moto mkali, maji yakirukaruka, dakika 15 kamili, ndipo upunguze moto. Usiruke hatua hiyo: maharagwe mekundu yana sumu ya asili inayovunjika kwa kuchemka tu, na kuyaacha juu ya makala yanayofifia tangu mwanzo kunaweza kuwaumiza matumbo nyumba nzima. Tomati na ndimu visiingie mpaka punje zivunjike kwa vidole viwili, kwa sababu uchachu unakaza ngozi. Chumvi haina neno, hata wakati wa kuloweka. Ukiwa na sufuria ya presha, muda unapungua zaidi ya nusu, na kama huna, kuiazima kwa jirani kunaokoa makala kuliko ushauri wangu wote.

Sombe uliyoigandisha mbichi haina haja ya kuyeyushwa. Itie moja kwa moja kwenye maji yanayochemka, na dakika 20 za kwanza uache sufuria wazi. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi, kutwanga kunaifungua na mvuke unaitoa nje, kwa hiyo kifuniko kinairudisha ndani. Baadaye funika, uendelee hadi saa moja au zaidi, kisha mawese na ndagala mwishoni. Mawese yakiwa yameganda na kujitenga tabaka mbili kwenye chupa, hayajaharibika, ni baridi ya huku. Weka chupa ndani ya maji ya uvuguvugu, tikisa.

Ndagala: zikague kwenye mwanga. Zenye ukungu zitupwe. Zenye unyevu tu zikaangwe kavu kwenye kikaango dakika 5. Mikebe: iliyovimba au iliyobonyea kwenye mshono haifunguliwi, wala haionjwi. Mkebe mkubwa wa tomati ukifunguliwa, hamishia kinachobaki kwenye chupa ya kioo, mimina mafuta kidogo juu.

Unga kilo 10 hamtaumaliza, msijilazimishe. Onja ncha ya kijiko. Ukiwa mchungu au una ladha ya sabuni, kiini cha mahindi kimeharibika, na bugali yake hakuna mboga itakayoiokoa. Ukiwa mzuri, wiki ya nne friza itakuwa na nafasi: uchekeche, ufunge kwenye mifuko miwili miwili ya plastiki ya kilo 2, uugandishe siku 4 ili mayai ya wadudu yafe, na usafiri nao. Ukiutoa, usifungue mfuko mpaka ushike joto la chumba, la sivyo umande utaingia na baada ya siku kadhaa kutakuwa na ukungu. Mahindi au karanga zenye ukungu zisiliwe wala zisipewe kuku, kwa kuwa sumu yake haiondoki kwa kupika.

Sokoni nunua vitunguu, tomati, ndimu, lenga-lenga (mchicha) na chumvi tu. Ukipita soko la Kadutu na njaa, utarudi na samaki wengine.

Zima friza siku tatu kabla ya lori. Barafu ya kwenye kuta usiitoboe kwa kisu, bomba la gesi liko nyuma yake. Weka ndani sufuria ya maji ya moto, funga, subiri dakika 20, rudia. Safisha kwa lita moja ya maji na vijiko viwili vya bikaboneti, kausha, na usafirishe mlango ukiwa umeegeshwa kwa kitambaa ili hewa ipite. Ikisafiri imesimama, iache saa nne kabla ya kuiwasha. Ikilazwa, iache imesimama siku nzima, mafuta yarudi kwenye mota.