Teksi iliyokuja saa kumi alfajiri, na mikia ya vitenzi vya Kiingereza

Saa kumi alfajiri teksi ilipiga honi getini. Aliyeiita nilikuwa mimi, na hakuna aliyekuwa anaihitaji.

Nilikuwa mpokea wageni kwenye loji moja ndogo Arusha. Jioni ya kuamkia siku hiyo mgeni mmoja, mzee wa Kiingereza, alinipigia simu kutoka chumbani: "Could you call off the taxi, please?" Masikio yangu yaliokota maneno mawili tu, call na taxi. Nikampigia dereva, nikamsisitizia asichelewe. Kumbe safari yao ya ndege ilikuwa imefutwa, na mzee alikuwa ananiomba niifute na teksi.

Nikiwa bado naomba radhi, dereva naye akidai hela ya mafuta, mke wa mzee akanisogelea kwa upole: "Could you put us up for another night?" Put, weka. Up, juu. Nikawahamishia ghorofani. Mzee alikuwa na goti bovu. Alizipanda ngazi moja moja bila kusema neno, mimi nyuma yake na masanduku, nikijiona nimetoa huduma ya hali ya juu. Mama wa watu alikuwa ameomba malazi ya usiku mmoja zaidi, basi. Chumba chao cha chini hakikuwa na mtu.

Na Kiingereza nilikuwa nimefaulu vizuri tu kidato cha nne. Cancel, postpone, accommodate, yote nilikuwa nayo. Ila Mwingereza aliyevaa ndala usiku hayahitaji maneno hayo. Mengi ya namna hiyo yana asili ya Kilatini na Kifaransa, na wimbi kubwa la Kifaransa liliingia baada ya Wanormani kuitwaa Uingereza mwaka 1066, likatawala mahakamani na kwa wakubwa. Jikoni na barabarani watu waliendelea na vitenzi vyao vifupi, put, get, take, call, wakivibandikia vineno nyuma: up, off, out. Shule ilinipa Kiingereza cha mahakamani, kazi ikataka cha jikoni. Samuel Johnson, kwenye utangulizi wa kamusi yake ya 1755, aliandika kwamba vitenzi hivi ndivyo vinavyowapa wageni taabu kubwa kuliko yote. Nilipokuja kulijua hilo nilipata nafuu kidogo. Sikuwa wa kwanza kupandisha watu ngazi.

Baada ya aibu ile nilinunua daftari, nikafanya kile ambacho wengi hufanya: nikaorodhesha. Get up, get in, get over, get by, get away, kurasa tatu za get peke yake, kila moja na tafsiri yake. Baada ya mwezi vyote vilikuwa vimechanganyika kichwani kama dagaa. Usipite njia hiyo.

Kilichonifungua macho ni Kiswahili chetu wenyewe. Mteja alikuwa anaeleza habari za nyumba yake, mara akasema "we moved out", mara "we moved in". Nikawaza: hama, hamia. Sisi tunabadilisha mkia wa kitenzi na mwelekeo unageuka. Wao wanakiacha kitenzi kama kilivyo na kubadilisha neno la pembeni. Kimbia ni "run away", kimbilia ni "run to". Vaa na vua ni "put on" na "take off". Mnyambuliko tunao tangu utotoni, na hakuna aliyetukaririsha orodha ya vitenzi vyote vinavyoishia na -ia. Tuliuzoea mkia, tukawa tunautambua hata kwenye kitenzi kipya.

Basi nikaligeuza daftari. Badala ya ukurasa wa get, nikaweka ukurasa wa off. Humo mambo yanaachana: kifuniko kinatoka, "take off", abiria anashushwa, "drop off", mkutano unasogezwa mbele, "put off", safari inafutwa, "call off". Hata siku ya mapumziko, "day off", ni siku iliyotengwa na kazi. Laiti ningekuwa na ukurasa huo usiku ule, ningejua angalau kwamba kuna kitu kinaondolewa, hakiitwi.

Ukurasa wa up ulinifurahisha zaidi. Up mara nyingi haihusiani na juu kabisa. Inasema jambo limefika mwisho wake. "Drink" ni kunywa, "drink up" ni kumaliza kilichomo kwenye glasi. "Use up" ni kutumia mpaka kiishe. "Tear" ni kuchana, "tear up" ni kuchana vipande vipande. Ni ile ladha tunayoipata tukisema "futilia mbali" badala ya "futa".

Out ni mkorofi. Taa zikiwa out, ni giza. Nyota zikiwa out, zinang'aa. Nilikereka sana, mpaka nilipoona kwamba kitu kinaweza kutoka kuja machoni pako, au kutoka kikaenda zake. Moto unazimwa, "put out". Maji yanaisha, "run out". Siri inajulikana, "find out".

Vipo pia visivyo na sababu ya kueleweka. "Put up with", kuvumilia, nimeichunguza kila upande na sijaona kinachowekwa wala kilicho juu. Hivyo vimeze tu. Na sisi tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga deki, hakuna anayeumia. "Give up" kwetu ni kukata tamaa. Mwingereza akikuuliza tamaa hukatwa kwa kisu gani, utamjibu nini?

Jambo jingine linalotusaliti ni mahali pa kuweka "it". Utasema "turn off the light" au "turn the light off", vyote sawa. Lakini ukitumia "it", lazima ikae katikati: "turn it off". "Turn off it" haisemwi. Mimi hujikumbusha kwa Kiswahili: nitaizima. Ile "i" ya taa tumeibana katikati ya kitenzi, na wao wanaibana katikati vilevile. Ila kineno kikiwa kihusishi cha kawaida, hakiachii kitu kipite: ni "look at it", kamwe si "look it at". Kuvitofautisha, sikiliza sauti inapogonga. Kwenye "turn it off" uzito uko kwenye off. Kwenye "look at it" uko kwenye look, na at inamezwa karibu isisikike.

Halafu kuna makosa yetu ya Afrika Mashariki, ambayo tumeyazoea mpaka hatuyaoni. Tunakata mikia inayohitajika: "he is not picking my calls", "pick me at six". Kwa mgeni, pick bila up ni kuchagua au kuchuma, kana kwamba unataka uchumwe kama embe. Pale pasipohitaji mkia tunauongeza, "discuss about", "cope up with". Kijana mmoja kazini alimwambia mgeni "I passed out last year", akimaanisha kuhitimu, kama tunavyosikia kwenye gwaride la askari. Mgeni akamuuliza kama tangu hapo ameshamwona daktari. Tukiwa wenyewe kwa wenyewe haina shida, tunaelewana. Kwenye usaili wa kazi au mbele ya mteja, rudisha mkia wake.

Siku hizi siandiki kitenzi kikiwa pekee. Naandika sentensi nzima kama nilivyoisikia, na aliyeisema alikuwa anataka nini: mzee, simu ya chumbani, teksi isije. Sentensi tatu kwa siku zinatosha kabisa.

Yule dereva nilimlipa mafuta yake kutoka mfukoni, na tunafanya kazi pamoja hadi leo. Kila nikimpigia jioni kumpa safari ya asubuhi, kabla hajauliza ni saa ngapi huanza na swali lake: "Bosi, hii umeniita, au umenikolofu?"